Tulichojifunza kwa Nyoka wa Watamu



Si mnajua vile nyoka akionekana nyumbani kila mtu hukimbilia fimbo? Hata sisi tulikuwa hivyo. Halafu mama mmoja wa kikundi chetu aliumwa na bafe akiokota kuni. Tulimfunga mguu kwa kamba, tukamchanja kwa wembe, tukaweka jiwe jeusi. Gari tulitafuta kesho yake asubuhi. Alipona, lakini hadi leo anachechemea.

Ndiyo sababu tulichanga nauli twende Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoko Watamu, Kilifi. Kilianzishwa mwaka wa 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Tuliona koboko, swila, chatu na bafe mwenyewe. Mwanzoni akina mama walisimama mbali, lakini baada ya muda maswali yakawa mengi.

Tulijifunza haya:

Nyoka wengi wa Kenya hawana sumu ya kuua mtu. Wengi hula panya, wale wanaomaliza mahindi yetu ghalani. Kinyonga naye, ambaye watu humwogopa sana, hana sumu hata kidogo.

Bafe hakimbii. Hulala kimya akifanana na majani makavu, mpaka mtu amkanyage. Basi usiku tembea na tochi na uvae viatu. Ukiokota kuni, zigeuze kwanza kwa fimbo. Fyeka nyasi karibu na nyumba.

Mtu akiumwa, usifunge kamba, usichanje, usinyonye sumu. Jiwe jeusi halitoi sumu. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Mtulize, asitembee, abebwe haraka hadi hospitali. Usipoteze wakati kumfuata nyoka umuue.

Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi, kisha uende hospitali.

Dawa yenyewe hutokana na sumu. Nyoka hukamuliwa, farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, mwili wake unatengeneza kinga, na kinga hiyo hutolewa katika damu yake. Ndiyo maana dawa hii ni ghali na haipatikani kila zahanati. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka wa 2017.

Yule mama aliuliza, "Kumbe ile kamba ndiyo iliniharibu mguu?" Tulielezwa kwamba sumu ya bafe huozesha nyama, na kamba ikizuia damu mambo huzidi kuwa mabaya. Sote tulinyamaza. Tuliomfunga ni sisi, na tulimfunga kwa kumpenda.

Tuliporudi tulianza mfuko mdogo wa gari la dharura. Nanyi jadilianeni katika mkutano wenu:

1. Ni hospitali gani karibu yenu iliyo na dawa ya nyoka? Nani atakwenda kuuliza wiki hii?

2. Mtu akiumwa usiku, ni nani mwenye gari au pikipiki, na nani atalipa?

3. Ni mambo gani tunayofanya kwa kusaidia, kumbe tunaumiza?