Aliyekufa Bila Mtoto, Nani Atalitaja Jina Lake?

Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, wanaume watatu wa shaba wamesimama tangu 1928: askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni, mchukuzi wa mizigo, na mwenzao wa tatu mwenye bunduki. Chini yao pameandikwa maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayohusishwa na mwandishi Rudyard Kipling. Yanawaahidi waliopigana kwamba hata wakifa, wana wao watalikumbuka jina lao. Wapita njia wengi hawayasomi. Lakini ukiyasoma huku unawafikiria watu wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, kuna jambo linalokataa kutoka moyoni. Mnara wenyewe hauna jina hata moja la marehemu. Kazi yote ya kukumbuka wamekabidhiwa wana. Sasa yule aliyeondoka nyumbani angali kijana, hajaoa, hana mtoto, akafia vitani, jina lake amekabidhiwa nani?

Isiolo ina haki ya kuuliza swali hili kuliko miji mingi, kwa maana vita vimeilea tangu utoto wake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wasomali waliokuwa wametumikia jeshi la Waingereza waliruhusiwa kufanya makao na kulisha mifugo yao hapa, na wazao wao wapo hadi leo. Julai 1940 Waitaliano walipoitwaa Moyale, barabara inayotoka Nanyuki kupitia Isiolo hadi Marsabit ikawa njia ya majeshi. Vijana wa jamii za wafugaji wakaandikishwa, wengine wakapelekwa hadi Burma. Leo chuo cha jeshi cha mafunzo ya askari wa miguu kiko hapa hapa, na sare za kijani mjini hazimshangazi mtu.

Hoja yangu inatokana na jinsi majina yanavyoishi katika nchi hii kavu ya Waso, kandokando ya mto Ewaso Nyiro. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kutaja nasaba yake baba kwa baba angali mdogo, na wazee humsahihisha akiruka mmoja. Waborana hutambuana kwa gosa, yaani ukoo, na wageni wawili wakikutana kisimani huulizana ukoo kabla ya kuulizana shughuli. Hata kitambulisho cha taifa cha mtu wa hapa hufuata mkondo huo: jina la mtu, la baba yake, kisha la babu yake. Mtu akifa, jina lake husogea nafasi moja nyuma na kuendelea kutamkwa kila siku, shuleni, hospitalini, katika baraza la chifu, na watu ambao hawakumwona kamwe. Huu ni utaratibu wa kumbukumbu wenye nguvu ya ajabu. Haugharimu senti, hauhitaji jiwe wala karani, na umevuka ukame na uhamisho uliopoteza vitu vingi mno. Lakini una mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni mtoto. Chukulia ndugu watatu wa boma moja la Garba Tulla mwaka wa 1940. Wawili wanabaki na ng'ombe, wanaoa, wanazaa. Wa tatu anaingia jeshini na harudi. Vitukuu wa wale wawili watawataja babu zao bila kusita. Wa tatu si baba wa yeyote, wala si babu wa yeyote. Hakuna nasaba inayopita kwake. Mama yake atamlilia maisha yake yote, dada zake watamkumbuka mpaka wazeeke, pengine mpwa atapewa jina lake. Kisha dada wa mwisho atazikwa, na jina litabaki kwa mpwa bila habari ya mwenyewe wa kwanza. Desturi za jamii mbalimbali zimejitahidi kuziba pengo hili. Mjane hurithiwa na shemeji, na watoto huhesabiwa kuwa wa marehemu. Ni utu mkubwa, ila huanza na mjane. Asiyeoa hana hata huyo. Na vita huwachagua hasa wasiooa.

Kwa hiyo ahadi ya mnara ilikuwa na ufa tangu siku ilipochongwa. Ufa huo haukutokea kwa bahati mbaya, kwa kuwa waliosimamia makaburi ya vita Afrika Mashariki walikuwa wameamua. Uchunguzi uliotolewa Aprili 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola unaeleza jinsi maafisa wa miaka ya 1920 walivyokubaliana kwamba makaburi ya Wazungu yatunzwe kama yale ya Ulaya, na ya Waafrika yaachwe yarudi porini upesi. Mmoja wao, George Evans, aliandika kwamba wenyeji hawana hisia zozote kuhusu alama ya kaburi, na kuwawekea mawe ni kupoteza fedha za umma. Tume hiyo inakadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Evans alikuwa karibu na ukweli mmoja na akauelewa kinyume. Ni kweli kwamba Mwislamu wa Isiolo hazikwi chini ya jengo, na mfugaji anayehama haachi sanamu nyuma yake. Lakini watu wanaomfundisha mtoto wa miaka sita kutaja vizazi kumi vya ukoo wake hawawezi kuambiwa kwamba hawawajali wafu wao. Jiwe hawakulihitaji, jina walilihitaji, na hilo ndilo walilonyimwa. Wala haikuwa kwamba majina hayangejulikana. Serikali iliyoweza kupanga ni askari mstaafu yupi atalisha ng'ombe Isiolo na yupi hapana ilikuwa inawajua watu wake.

Kuna anayeifanya sasa kazi ya kuyatafuta majina hayo. Patrick Abungu, mtaalamu wa turathi anayeitumikia tume hiyo hapa Kenya, ameeleza hadharani kwamba ndugu wa babu yake alichukuliwa katika Vita Vikuu vya Kwanza na hakurudi. Kwake utafiti huu ni wa nyumbani kabla ya kuwa wa ofisini, na labda ndiyo sababu unaanzia mahali sahihi, kwa familia inayouliza mtu wake alienda wapi. Katika kumbukumbu zinazotunzwa na jeshi la Kenya yamepatikana zaidi ya majina 3,000 ya askari na wachukuzi wa vita hivyo, kwenye karatasi kuukuu zilizoandikwa kwa mkono. Vita vya Pili vina afadhali ya aina yake. Majina yaliandikwa, lakini mbali. Waliopotea Burma wamo katika mnara wa Rangoon, kwenye makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Wengine wamo katika ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko Ngong Road, Nairobi, wakiwemo waliozama na meli ya Khedive Ismail Februari 1944. Kwa mama wa Merti au Sericho, Taukkyan na kutokuwepo ni mamoja. Cape Town imeonyesha njia nyingine. Januari 2025 ulifunguliwa ukumbusho wa wanaume Weusi 1,772 wa Vita Vikuu vya Kwanza, kila mmoja na nguzo yake ya mbao ya mvule yenye jina lake, ndani ya bustani ya mji ambako watu hupita kila siku.

Wapo watakaosema vita hivyo vilikuwa vya mkoloni, na kumwandika aliyempigania mfalme wa Uingereza ni kumsifu mkoloni. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Wachukuzi wengi wa Vita vya Kwanza walikamatwa kwa sheria ya 1915 iliyoruhusu kuwalazimisha, na hata waliojiandikisha wenyewe hawakuulizwa vita vianze au visianze. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kuwafuta ni kumalizia kazi ya mkoloni. Yeye aliwatumia bila kuwaandika. Sisi tukikataa kuwaandika kwa kumchukia yeye, anayeadhibiwa ni mtoto wa boma letu.

Pingamizi lililo gumu zaidi halitoki kwa wanasiasa. Miongoni mwa Wasamburu, kumtaja marehemu kwa jina lake ni jambo la kuepukwa. Orodha ukutani inayomtuliza Msomali inaweza kumjeruhi jirani yake Msamburu wa Oldonyiro, na sijui nani ana haki ya kuamua kati yao. Jingine ni la miaka ya 1963 hadi 1967, ya vita vya Shifta, waasi wa kaskazini waliotaka kujiunga na Somalia. Daudi Dabaso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa Juni 28, 1963 pamoja na Haji Galma Dido, ana mtaa Nairobi na ana kata Isiolo. Jina lake halikuachiwa familia peke yake. Askari wa serikali waliokufa katika vita hivyo sijaona orodha yao katika kata yoyote. Je, vijana wa hapa hapa waliokufa wakiwa upande wa pili, na raia waliokusanywa na serikali wakafia kambini bila bunduki, waandikwe wapi? Hata vita vya juzi vimetuacha gizani. Kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa Januari 15, 2016, na hadi leo serikali haijatangaza ni askari wangapi wa Kenya waliofia pale. Tuna siku ya majeshi kila Oktoba 14, yenye gwaride na hotuba, na hatuna hesabu.

Kusubiri majibu yote haya yapatikane si sababu ya kukaa kimya. Isiolo ina kata kumi, na kila kata ina chifu, ina shule, na nyingi zina msikiti au kanisa linalojua nani ni nani. Bunge la kaunti linaweza kuagiza daftari moja kwa kila kata, liandikwe na familia zenyewe: jina, baba, ukoo, vita, mwaka. Wasiotaka mtu wao aandikwe waheshimiwe. Tume ya makaburi nayo ilete orodha zake Isiolo badala ya kuwangoja watu wa Isiolo wazifuate kwenye kompyuta. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna bibi anayemkumbuka kaka wa mama yake aliyeondoka na jeshi asirudi, muulize jina lake wiki hii, uliandike, uandike na la baba yake.