Jeni Iliyovuka Bahari Bila Mbu Wake

Je, wajua kwamba Samoa, Tonga, Tahiti na Hawaii hazina malaria yake yenyewe? Mbu wa anofelesi, anayeieneza, anakomea Vanuatu. Mashariki ya hapo hayupo. Hata hivyo, wenyeji wengi wa visiwa hivyo, yaani Wapolinesia, wana alama ya malaria katika damu yao.

Alama hiyo ni thalasemia ya alfa. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake, hujengwa kwa minyororo ya alfa na beta. Kwa kawaida mtu huzaliwa na jeni nne za alfa, mbili za baba na mbili za mama, zote katika kromosomu ya 16. Mbili za kila upande zimekaa jirani na zinafanana mno. Ndiyo maana, mbegu za uzazi zinapoundwa, huweza kulinganishwa vibaya, kipande cha herufi 3,700 hivi za DNA kikapotea, ikabaki jeni moja. Anayerithi pengo hilo kwa mzazi mmoja huwa hana dalili. Anayelirithi kwa wote wawili huwa na chembe nyekundu ndogo na upungufu mdogo wa damu.

Mwaka 1986 watafiti wa Oxford na wenzao walionyesha kuwa katika Melanesia, eneo lenye Vanuatu, thalasemia hii imejaa penye malaria kali na hupungua milimani. Sasa, kile kipande cha DNA hukatika kwa namna tatu, na ya tatu imeenea Melanesia na Polinesia; kwingineko karibu haionekani. Ni ushahidi mzito: mababu wa Wapolinesia walioana na watu wa Melanesia kabla ya kusafiri mashariki.

Pwani ya Kenya nako thalasemia ya alfa ni ya kawaida, ila kwa namna ya kwanza. Utafiti wa Kilifi, uliochapishwa 2005, uliona kwamba huwakinga watoto na malaria kali, vilevile kama kurithi jeni moja ya selimundu. Cha ajabu, mtoto mwenye vyote viwili hupoteza kinga.

Kwa hiyo chembe ndogo za damu si lazima zitokane na uhaba wa madini ya chuma. Mgonjwa wa asili ya Polinesia, au wa Pwani yetu, apimwe kwanza kiwango cha chuma mwilini kabla ya kumezeshwa vidonge miezi na miezi.