Fahamu: Usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay

Kodi ya mauzo ya zamani ilikoma Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998, ilipoanza Kodi ya Ongezeko la Thamani, maarufu kama VAT, ambayo mnunuzi huilipa ndani ya bei huku muuzaji aliyesajiliwa akiikusanya na kuiwasilisha serikalini.

Msingi wa usajili ni TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na ambayo Mtanzania huiomba mtandaoni kwa kutumia namba yake ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, hata akiwa kando ya Ziwa Nyasa.

TIN pekee, hata hivyo, haimfanyi mtu kuwa mkusanyaji wa VAT, kwa kuwa tangu Julai 2023 usajili huo ni wa lazima kwa biashara ambayo mauzo yake yanayotozwa kodi hiyo hufikia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Muuza dagaa wa Mbamba Bay au mwenye duka dogo Mbinga aliye chini ya kiwango hicho haongezi VAT kwenye bei, ingawa bado anawajibika kwa kodi ya mapato. Aliyefikia kiwango huwasilisha maombi kupitia tovuti ya TRA, kisha hutoza asilimia 18, ambayo ndiyo kiwango cha kawaida.

Kila mfanyabiashara na atunze kumbukumbu za mauzo, kwani ndizo zinazoonyesha wajibu wake na kumlinda dhidi ya makadirio yasiyo ya haki.