Mtoto wa Mbwa Alaye Kinyesi Chake

Mtu aliyepewa mtoto wa mbwa ili aje kulinda boma lake humtazamia mambo mengi: abweke usiku, awafukuze wezi wa kuku, acheze na watoto. Hatazamii kumwona, asubuhi ya tatu, akigeuka nyuma na kula kile alichokitoa punde tu. Aghalabu watoto wa nyumba ndio wanaoliona jambo hilo kwanza, nao hupiga kelele. Mama mwenye nyumba husema kwamba mnyama huyo hataingia jikoni tena, na jirani aliyesimama penye ua hutoa shauri la kumtia guniani na kumpeleka mtoni. Wako mbwa waliokwisha maisha yao kwa njia hiyo, kwa kosa ambalo wenyewe hawakulijua kuwa ni kosa.

Tabia hii si uchawi, wala si dalili ya kichaa cha mbwa. Katika majuma mawili au matatu ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi kwenda haja peke yake. Mama yake humlamba tumboni na makalioni mpaka atoe, kisha hula vyote alivyotoa, ili malazi yabaki makavu na safi. Basi kijibwa hulelewa katika nyumba ambamo kazi hiyo ni usafi, si uchafu. Anapoanza kutembea na kuonja kila kitu kilicho mbele yake, majani, mawe, kiatu cha baba, haishangazi akionja na hicho pia.

Mwaka 2018 Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao baada ya kuwauliza maswali maelfu ya wenye mbwa. Waliona kwamba kama mbwa 16 katika kila 100 hula kinyesi mara kwa mara, na kwamba karibu wote hutaka kilicho kibichi, kisichozidi siku mbili. Wataalamu hao walitoa dhana ifuatayo. Mayai ya minyoo yanapotoka katika kinyesi huwa hayajakomaa, wala hayawezi kumdhuru mnyama kwa siku za kwanza. Mbwa-mwitu aliyekula kinyesi kilichoangushwa karibu na malazi aliwaokoa wenzake na minyoo ambayo ingewapata baadaye. Ni dhana tu, lakini yatosha kumzuia mtu asimwite mbwa wake mpumbavu.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine la kumfaa mwenye mfuko mwembamba. Dawa za unga na vidonge zinazouzwa ili kukifanya kinyesi kiwe kichungu zilifaulu kwa mbwa wasiozidi 2 katika 100. Wengine hunyunyizia pilipili. Pilipili huwasha siku moja, na siku ya pili mbwa hutafuta fungu lisilonyunyiziwa. Fedha hizo heri zinunuliwe omena.

Kumpiga ni vibaya zaidi. Wako watu wamkamatao kijibwa shingoni na kumsugua pua katika uchafu wake, wakidhani atatubu. Mbwa haelewi hivyo. Aonalo ni kwamba kinyesi na bwana wake vikikutana, huja maumivu. Kwa hiyo hujificha nyuma ya ghala anapotaka kwenda haja, au hukila upesi kabla bwana hajafika. Fimbo iliyokusudiwa kuikomesha tabia ndiyo inayoikaza.

Dawa iliyo hakika ni kukiondoa kinyesi kabla hajakigeukia, na jambo hili huwezekana kwa sababu mtoto wa mbwa ana saa zake. Huenda haja mara aamkapo, baada ya kula, na baada ya kucheza sana. Yafaa atolewe nje saa hizo akiwa na kamba shingoni, apelekwe mahali pamoja kila siku, na mtu asimame naye kimya. Akichuchumaa asisemeshwe. Akimaliza tu, kabla hajageuza kichwa, aitwe kwa sauti ya furaha, apewe kipande kidogo cha nyama au omena mmoja, na hapohapo kinyesi kiondolewe kwa koleo na kutupwa katika choo cha shimo. Baada ya majuma kadhaa huanza kumtazama bwana wake mara amalizapo, akingoja chake. Kazi hii huchosha, hasa asubuhi ya mvua, na siku moja ya uvivu humrudisha nyuma. Lakini watoto wa mbwa wengi huiacha tabia hii kadiri wanavyokua, maadamu hawakupewa nafasi ya kuizoea.

Chakula nacho kitazamwe. Kijibwa cha miezi miwili au mitatu kipewe chakula mara tatu au nne kwa siku, si sufuria moja ya ugali mtupu jioni. Ugali uchanganywe na omena waliooshwa na kuchemshwa, matumbo, au yai. Akila sana na bado akawa mwembamba, au akiharisha, au tumbo likimvimba kama ngoma, aonwe na daktari wa mifugo. Kadhalika mbwa mzima aanzaye tabia hii ghafula.

Kinyesi chake mwenyewe kilicho kibichi hakimdhuru sana. Hatari iko katika kinyesi cha mbwa wengine, kwa kuwa humo mna minyoo na virusi vya parvo, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1978, ambao huwaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Virusi hivyo huweza kudumu katika udongo kwa miezi mingi. Chanjo yake huanza mbwa akiwa na majuma sita hadi manane. Dawa ya minyoo hutolewa mapema zaidi, tangu juma la pili, kisha kila baada ya majuma mawili hadi juma la nane, na baadaye kila mwezi mpaka atimize miezi sita. Kwani minyoo mingine humwingia angali tumboni mwa mama yake.

Minyoo hiyo huwapata pia watoto wa watu wanaocheza mchangani, na huweza kuharibu jicho. Mayai yake huhitaji majuma mawili au zaidi katika udongo kabla hayajaweza kuambukiza, kwa hiyo ua unaosafishwa kila siku huwalinda wote wawili, mbwa na mtoto. Kinyesi hicho kisitiwe katika shamba la sukuma wiki kama samadi, na aliyekizoa anawe mikono kwa sabuni. Koleo liwekwe karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo mtu aliyeamka sasa hivi atalipata bila kulitafuta.