Tunauza milima, tunasahau meza

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, gari la wageni ambalo halijatoka Kinyinya mapema lina shida. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii: maduka yamefungwa, barabara zimetulia, wakazi wako nje na majembe. Ndiyo maana madereva wanaochukua wasafiri wa wikiendi kutoka mitaa yake ya Gacuriro na Kagugu hugonga mageti alfajiri, na wakifika Shyorongi ukungu bado umelala mabondeni. Wanataka kuingia mji wa Musanze kabla ya saa mbili. Abiria wao hawajanywa hata chai, na hapo ndipo biashara ninayoiandikia leo inapoanzia.

Kinyinya ni tarafa ya wilaya ya Gasabo, kaskazini mwa Kigali. Wasikilizaji wa zamani wa Deutsche Welle walikuwa wageni wake bila kujua, kwani kituo cha kurushia matangazo ya masafa mafupi kilisimama huku tangu miaka ya 1960 hadi kilipozimwa Machi 2015. Tangu hapo vilima hivi vimebadilika sura. Vision City ya mfuko wa hifadhi ya jamii, RSSB, imejaza upande mmoja, na kwenye kilima cha Kinyinya kumepangwa mji wa kijani, Green City Kigali, wa hekta 600. Wapangaji wengi wa nyumba hizi mpya ni watu wa mishahara: maafisa wa benki, watumishi wa mashirika, Wakenya, Waganda na Watanzania waliohamia kikazi. Wana kipato, wana siku mbili za mapumziko, na wanataka kuona nchi. Gari la kukodi, mara nyingi RAV4 iliyokula miaka, halikosekani.

Kwa hesabu za Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, utalii uliingiza dola milioni 647 mwaka 2024, kutoka milioni 620 mwaka uliotangulia. Karibu milioni 200 zilitokana na sokwe wa milimani peke yao. Kibali cha mgeni kukaa nao saa moja ni dola 1,500 tangu Mei 2017, kilipopandishwa kutoka 750, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi hurudi kwa majirani wa hifadhi. Ni biashara iliyopangwa vizuri, sina neno nayo. Lakini mkazi wa Kagugu anayetafuta pa kwenda Jumamosi si mteja wa kibali hicho. Wala si mteja wake yule mgeni wa Nairobi aliyemaliza mkutano Kigali na kubakiwa na siku moja mkononi. Hawa tunawaonyesha mlima, ziwa na hewa safi, vitu visivyotozwa kiingilio. Pesa yao itatoka watakapokula. Safari fupi hulipwa mezani, na mezani ndipo tumezembea.

Tutazame Kaukazi, ambako wenzetu wamelifanyia kazi jambo hili kwa bidii. Waswahili wa Muscat na Dubai wanaijua safari hiyo, maana mawakala wa Ghuba huuza mapumziko ya siku chache ya Tbilisi na Baku kila Idi inapokaribia. Anayetoka Kigali huunganisha ndege Istanbul au Doha. Kutoka Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, hadi Stepantsminda chini ya mlima Kazbek ni takriban kilomita 150, saa tatu za kona na makorongo. Kutoka Kigali hadi Rubavu kwenye ziwa Kivu nako ni takriban kilomita 150, saa tatu za kona na mabonde. Georgia haifiki watu milioni 4. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 13. Utalii wao uliingiza zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2024. Wana bahari, wana theluji, na majirani zao huingia kwa magari, kwa hiyo kulinganisha jumla na jumla si haki. Barabara na barabara zinalinganishika.

Barabara ile ya Kazbek imepangwa kwa mafundo ya kula. Unasimama Ananuri, kwenye ngome ya kale juu ya bwawa la Zhinvali, na wachuuzi wamekwisha kutundika churchkhela zao: jozi zilizotungwa kwenye uzi na kuchovywa katika maji ya zabibu yaliyopikwa na unga hadi yakaganda. Ukipanda kidogo uko Pasanauri, kijiji ambacho Wageorgia wanakitaja kila wakitaja khinkali. Khinkali ni nyama ya kusaga yenye kitunguu na viungo, iliyofungwa ndani ya chapati nyembamba ya unga iliyokusanywa mikunjo juu kama mdomo wa gunia. Huuzwa kwa idadi. Unaishika kwenye kifundo, unang'ata ubavuni, unanyonya mchuzi kwanza, ndipo unakula. Kifundo unakiacha kwenye sahani. Watu hutoka Tbilisi kwa ajili ya kuila tu, kisha wanaendelea kupanda hadi kipito cha mlimani cha Jvari, karibu mita 2,400 juu ya bahari, shibe ikiwa tayari.

Hawakufika hapo kwa bahati. Mwaka 2006 Urusi, soko lao kubwa kuliko yote, ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia na maji ya chupa ya Borjomi, na marufuku ya mvinyo haikuondolewa hadi 2013. Wakulima wa zabibu wa mkoa wa Kakheti walilazimika kuboresha walichonacho, kutafuta wanunuzi wapya, na wengi wakafungua ghala zao kwa wageni. Mwaka huo wa 2013 UNESCO ikaingiza kwenye orodha yake ufundi wao wa kuchachusha zabibu katika mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, na mwaka uliofuata ikaja zamu ya mkate wa lavash wa Armenia. Msomaji asiyegusa pombe aangalie mkate na jibini, kwa sababu hesabu ni ile ile. Mgeni hulala kwa mwenye shamba, hula cha mwenye shamba, na fedha inaishia kijijini siku hiyo hiyo.

Pasanauri yetu tunayo, na ina miaka mingi. Ni Nyirangarama, wilaya ya Rulindo, kwenye barabara ya Musanze. Hapo Sina Gérard alianza na mandazi mwaka 1983. Leo kampuni yake, Entreprise Urwibutso, inatengeneza juisi ya Agashya, maji ya Akandi na, juu ya yote, Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotia moto mezani kuanzia Kigali hadi Brussels. Chupa yake ni ndogo, inaingia mfuko wa shati, na mdomo wake hutoa tone baada ya tone. Matone mawili yanatosha sahani. Mabasi husimama, abiria wanashuka, wanarudi na viazi vya kuchoma na brosheti ndani ya mfuko wa kaki, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Malipo ni kwa MoMo, pesa za simu, dereva hajazima hata injini. Nyuma ya mfuko ule wa kaki kuna mkulima wa viazi, mkulima wa pilipili, mchinjaji, mchoma nyama na aliyeuza karatasi. Sijui mnyororo mwingine wa utalii nchini unaogusa mikono mingi hivyo kwa noti ndogo kiasi hicho.

Tatizo ni kwamba ukishatoka Nyirangarama, mfano huo haurudiwi. Viazi ndio ushahidi wangu mkubwa. Muulize mchuuzi yeyote sokoni Kigali: viazi vya Kinigi vina bei yake na wateja wake, na hakuna anayekubali kuuziwa vingine kwa jina hilo. Kinigi iko chini ya volkano, mlangoni mwa hifadhi. Nimekula katika hoteli moja ya ukanda ule, na kwenye orodha ya vyakula kiazi hicho kiliandikwa chipsi, basi. Si jina la mbegu, si jina la kilima. Mezani palikuwa na mchuzi wa nyanya kutoka nje ya nchi, na Akabanga ilibidi niiombe. Mtu wa Kakheti angelia.

Kivu nako ni hivyo hivyo. Jioni wavuvi wa Rubavu na Karongi hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, wakipiga makasia na kuimba. Usiku wanawasha taa kuvuta sambaza. Samaki hawa wadogo waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakalikubali ziwa. Asubuhi wanakaangwa wakavu, wanaliwa wazima, kichwa na mkia, kwa ndimu na pilipili. Kampuni nyingi za safari humpeleka mgeni kuwapiga picha wavuvi wakiondoka, kisha humrudisha hotelini kula kuku. Sambaza wa asubuhi, ambaye ndiye mwisho wa hadithi ile, hayumo kwenye kifurushi. Vilevile kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane, na kipindi hicho kingepaswa kuandikwa kwenye ratiba ya kila wakala kama msimu wa mvua unavyoandikwa.

Kahawa imeanza kuamka. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, mwaka 2008, na vituo vingi vya kuosha kahawa viko kwenye miteremko hiyo ya Kivu, kando ya njia ya miguu na baiskeli ya Congo Nile Trail yenye kilomita 227. Machi hadi Juni ndio mavuno. Mgeni anayefika wakati huo anachuma, anaona buni zikikaushwa kwenye vichanja, anakaanga, anakunywa. Anayefika nje ya msimu anahitaji kitu kingine, na maziwa ya mgando na jibini ya Gishwati vingeziba pengo hilo, kwa sababu ng'ombe hawana msimu.

Halafu kuna saa. Brosheti ya mbuzi nchini kwetu inajulikana kwa kuchelewa, na igisafuria, kuku na ndizi katika chungu kimoja, inachelewa zaidi kwa sababu hupikwa baada ya kuagizwa. Kwa mtu anayekaa wiki nzima hilo halina neno. Kwa aliyetoka Kinyinya alfajiri na anayepaswa kurudi kabla ya usiku, saa moja na nusu ya kungoja sahani imekula muda wote wa kuliona ziwa Ruhondo, karibu na Musanze. Kukimbiza gari hakuwezekani: kamera za mwendo, ambazo madereva wanaziita Sofia, hazina huruma. Dereva mwenye akili hupiga simu jikoni akiwa bado njiani, anaagiza, anakuta chungu kinafuka. Jambo dogo hilo lingefaa kuwa utaratibu wa kila jiko la barabarani: namba ya simu ukutani, vyakula vitatu, bei zimeandikwa.

Soko hili la ndani lina thamani nyingine ambayo matukio ya 2024 na 2025 yameionyesha. Septemba 2024 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kigali, na haukutangazwa kwisha hadi tarehe 20 Desemba. Januari 2025 mji wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Rubavu, inayogusana nao ukuta kwa ukuta, ikaingia kwenye ramani za tahadhari za balozi. Mtalii wa Ulaya husoma tahadhari hizo na kuahirisha. Mkazi wa Gacuriro hupiga simu kwa shangazi yake aliyeko Rubavu, anaambiwa hali ilivyo, na akiridhika anawasha gari. Ndiye anayerudi wa kwanza.

Mwaka 2025 serikali ilianzisha ushuru wa utalii wa asilimia 3 kwenye bei ya malazi. Unatozwa chumbani, na nahofia utarudi chumbani: hoteli, mikutano, matangazo ya nje. Sehemu yake ingetengwa kwa barabara ya Musanze na Rubavu. Igharamie vyoo safi na maji ya bomba kwenye vituo vya kula, ukaguzi wa usafi wa mara kwa mara, mafunzo kwa familia zinazotaka kupika nyumbani kwao na kulaza wageni wawili watatu, na kibali cha biashara kinachopatikana tarafani bila mama mpishi wa wilaya ya Nyabihu kupanda basi hadi Kigali. Kampuni za safari nazo zina la kufanya wiki hii hii, bila kungoja bajeti: kuondoa chakula cha mchana cha hotelini kwenye safari ya siku moja, na kuandika mahali pake viazi vya Kinigi, sambaza wa Rubavu, na jina la anayevipika.