Je, Wajua? Sunderland ya Msimbazi, Maji ya Ngarambe na Majina Mengine ya Soka

Siku ya mechi ya watani wa jadi, vibanda umiza vya Mkongo, huku Rufiji, hujaa kabla refa hajapuliza filimbi, na anayechelewa hutazamia dirishani. Wa Simba wanaitwa Makolo, wa Yanga wanaitwa Utopolo, na hakuna anayepelekwa kwa mtendaji wa kata kwa kutukana. Lakini ukimuuliza shabiki anayepasua koo majina haya yametoka wapi, mara nyingi atakujibu kwa kukuongezea tusi jingine. Haya hapa ya kumjibu nayo.

Je, wajua kwamba "Dabi ya Kariakoo" inabeba jina la vita? Kariakoo ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi za Waswahili: kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa pale penye soko leo. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyoileta Königsberg, manowari ya Wajerumani, kujificha katika delta ya Rufiji, hadi ilipozamia huko tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iling'olewa ikaendelea kupigana nchi kavu, na wa kuibeba na kuikokota walikuwa watu.

Je, wajua kwamba Simba imetoka ubavuni mwa Yanga? Yanga ilianza mwaka 1935. Mwaka uliofuata wenzao wakajitenga, wakaunda timu yao. Ikaitwa Queens, ikaja kuitwa Eagles, kisha Sunderland. Jina hilo la mwisho lilidumu hadi 1971, wakati vyama na vilabu vilipohimizwa kuachana na majina ya kikoloni. Hapo ndipo Simba akazaliwa. Wazee wengine wa mjini mpaka leo ukiwachokoza watakwambia wao ni "Sandalandi", na wana haki yao.

Sunderland yenyewe, ile ya Uingereza, ilianzishwa mwaka 1879 na mwalimu wa shule aitwaye James Allan, na mwalimu huyo alikuwa Mskochi. Jezi zao ni nyekundu na nyeupe. Kwa hiyo Mnyama wa Msimbazi, ukimfuatilia nyayo zake vizuri, babu yake mmoja yuko Uskochi.

Na lile la Queens? Limerudi nyumbani: timu ya wanawake ya Simba inaitwa Simba Queens. Yanga nao wakajibu kwa Yanga Princess. Sijui nani aliwashauri kukubali kuwa binti wa malkia wa jirani, lakini jina ndilo hilo.

Je, wajua kwamba huku Rufiji neno simba halikuwa la kushangilia? Kati ya 2002 na 2004 simba waliwatafuna watu katika vijiji vya wilaya hii, wengi wao wakiwa mashambani au kwenye madungu wakilinda mpunga usiliwe na nguruwe. Simba mmoja, ambaye watu walimpa jina la Osama, alihusishwa na vifo vya watu wasiopungua 35. Alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Mtu aliyeishi miaka ile akachagua Yanga, usimuulize sababu.

Je, wajua kwa nini Yanga wanaitwa Vyura? Jengo lao liko Jangwani, bondeni, na mvua za masika zikikolea bonde hilo hugeuka bwawa. Uwanja wao wa pale, uliopewa jina la Kenneth Kaunda, ulishazoea kulala chini ya maji. Kwa mtu wa Rufiji, anayelima mlau baada ya mafuriko na kulishukuru tope kwa rutuba yake, kuitwa chura si tusi kubwa.

Mabao ya dabi yenyewe? Yanga 5–0 mwaka 1968. Simba 6–0 tarehe 19 Julai 1977, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni. Simba tena 5–0 mwezi Mei 2012. Yanga 5–1 Novemba 2023. Kila upande una tarehe zake za kukumbuka na zake za kusahau.

Je, wajua kwamba Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba na mkali wa kuwachamba Yanga, mwaka 2021 alihamia Yanga? Wengine walishangaa. Wenye kumbukumbu hawakushangaa: baba yake ni Sunday Manara, yule aliyeitwa Kompyuta, nyota wa Yanga wa miaka ya 1970 aliyekwenda kucheza Uholanzi.

Haya ya haraka haraka. Mtibwa Sugar ni Wakata Miwa, na wakata miwa hao walichukua ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Azam ni Wana Lambalamba kwa sababu mwenye timu anauza aiskrimu. Mechi yake na Simba inaitwa Dabi ya Mzizima, jina la Dar es Salaam kabla haijawa Dar es Salaam. Tanzania Prisons ni Wajelajela, nadhani hapo hakuna haja ya maelezo. KMKM ya Zanzibar ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, kwa hiyo mshambuliaji wao akivuka mstari wa kuotea anakuwa amejivunjia heshima mara mbili.

Je, wajua kwamba Tanga utani umepangwa kwa namba za barabara? Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ni wa Barabara ya 11. African Sports, Wana Kimanumanu, ni wa Barabara ya 12. Hapo jirani anakusikia ukikohoa. Uskochi wana mfano wake katika mji wa Dundee: viwanja vya Dundee na Dundee United viko karibu kiasi kwamba mchezaji anaweza kutoka chumba cha kubadilishia nguo cha kimoja akaenda kwa miguu kucheza kingine. Dundee United nayo ilizaliwa na jina jingine, Dundee Hibernian, timu ya watu wenye asili ya Ireland. Ikabadilisha mwaka 1923.

Sasa lile ambalo watu wa huku wangepaswa kulidai. Je, wajua kwamba moja ya majina mazito kabisa katika soka la Tanzania limetoka Rufiji, lakini timu yake iko Songea? Ni Majimaji. Mwaka 1904 katika kijiji cha Ngarambe, kusini ya mto, Kinjeketile Ngwale alianza kugawa dawa ya maji, na watu wakamiminika kutoka Umatumbi na kwingineko kuifuata. Julai 1905 vita ikalipuka Umatumbi. Mwezi uliofuata Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile pale Mohoro, pwani ya wilaya hii hii. Dawa yake ilikuwa imeshavuka milima: ikawafikia Wangoni, wakaingia vitani, na mwaka 1906 viongozi wao wakanyongwa Songea. Ndiyo maana Songea kuna makumbusho ya Majimaji, uwanja wa Majimaji na timu ya Majimaji, ambayo mashabiki wake ni Wanalizombe, kutokana na ngoma ya Wangoni. Ngarambe ilipotoka dawa hakuna timu ya ligi kuu hata moja. Wasongea walilipia jina hilo kwa damu, sina ugomvi nao, lakini siku Majimaji ikirudi kwenye chati watu wa Rufiji wana haki ya kushangilia kwa sauti.

Timu nyingine za Kusini zinapita hapa kwa basi. Ndanda ya Mtwara, Wana Kuchele, na Namungo ya Ruangwa, waliojiita Wauaji wa Kusini, wakienda kucheza Dar es Salaam lazima wavuke Daraja la Mkapa na kuipita Kibiti. Kabla ya 2003 wangesubiri kivuko pale Ndundu, pamoja na wauaji wao.

Je, wajua kwamba Kenya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards inaitwa Dabi ya Mashemeji? Wajaluo na Waluhya wameoana mno. Gor Mahia ni jina la mganga maarufu wa Wajaluo. Leopards zamani ilikuwa Abaluhya. Serikali ilipokataza majina ya kikabila, Leopards walibakiza herufi zao A, F na C wakazitafutia maneno yasiyotaja kabila. Gor wakafanya ujanja mtamu zaidi, wakajiita Gulf Olympic Rangers. Soma herufi za mwanzo.

Kampala, KCCA ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa idara ya majitaka ya jiji, na SC Villa ilichukua jina kutoka kwa Aston Villa ya Birmingham. Aston Villa iliwahi kuongozwa na William McGregor, ambaye mwaka 1888 aliasisi ligi ya soka ya Uingereza, ligi ya kwanza duniani. Huyo naye Mskochi! Lubumbashi, TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wakatoliki, ikabandikwa jina la matairi ya Englebert, na leo inaitwa Kunguru. Mwaka 2010 Kunguru hao walifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Watani wao, Lupopo, ni watu wa reli.

La mwisho ni la mto wenyewe. Ihefu ni ardhi oevu ya Usangu, kule Mbarali, na maji yake huingia Ruaha Mkuu, ambao huungana na Rufiji na kupita hapa karibu na Mkongo. Timu iliyobeba jina hilo ndiyo iliyoikata Yanga mbio za mechi 49 za ligi bila kupoteza, kwa mabao 2–1, tarehe 29 Novemba 2022. Baadaye ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadili jina ikawa Singida Black Stars. Maji bado yanateremka kila siku, lakini Mwanayanga mwenye kisasi itabidi apande basi la Singida.