Ndama Anapokataa Ndoo

Ndugu mfugaji, ng'ombe wako amezaa leo alfajiri. Umekamua dang'a, lakini ndama anaikataa ndoo. Usimpige. Ndama huzaliwa akijua kunyonya kichwa kikiwa juu. Kuinamia ndoo hufundishwa.

Usingoje kesho. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, ndiyo kinga yake ya magonjwa. Wako wanaoyamwaga, wakisema ni machafu! Ayanywe ndani ya saa 6. Siku moja ikipita, tumbo lake haliwezi tena kuipokea kinga hiyo.

Kata kucha, nawa mikono. Dang'a iwe na joto kama ilivyotoka kiweleni. Ikipoa wengi huikataa. Msukume ndama taratibu, matako yake yafike ukutani. Mpe vidole viwili avinyonye. Akishavizoea, teremsha mkono polepole mpaka ndani ya maziwa. Akinywa, toa vidole. Atainua kichwa, anza tena. Wengine hujifunza kwa siku mbili tatu.

Pua isizame. Wala usimmiminie kwa nguvu mdomoni, kwani maziwa yakiingia mapafuni humuua.

Asiponyonya hata kidole, na masikio yamepoa, huyo ni mgonjwa. Mwite bwana mifugo leo hii.